Nyumba Uliyotoka: Visa Sita vya Dragon Age Kwenye Mizani ya Tendi za Kiafrika

Kati ya visa sita vinavyofungua gemu ya Dragon Age: Origins, kilicho bora ni cha Brosca, mtoto wa uchochoroni asiye na tabaka, na kilicho hafifu ni cha Mahariel, mwindaji wa msituni. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wachezaji wengi wanaompa taji Cousland, mtoto wa kabaila, nami naona wanatumia kipimo kisichofaa. Wanauliza ni kisa kipi kinachotia uchungu zaidi, au ni kipi kinachompa mchezaji cheo kikubwa mwishoni. Mimi nauliza hivi: nyumba aliyotoka mhusika, je, inaendelea kumdai baada ya yeye kuondoka?

Gemu hiyo ilitengenezwa na studio ya BioWare ya Edmonton, Kanada, ikatoka Novemba 2009. Nchi yake ya kubuni inaitwa Ferelden, nayo imevamiwa na viumbe wa giza wanaopanda kutoka chini ya ardhi. Mchezaji huchagua jamii ya mhusika wake, awe binadamu, mwelfi au mdwafu, yaani mmoja wa wale watu wafupi wanaoishi ndani ya miamba. Huchagua pia kama atakuwa mpiganaji, mjanja wa visu au mwanasihiri, na uchaguzi huo ndio unaobana anakoweza kuzaliwa. Kwa muda anaishi nyumbani: ana wazazi, ndugu, rafiki na adui. Kisha balaa linaishukia nyumba, na Duncan, kamanda wa Walinzi wa Kijivu, kikosi kinachopigana na viumbe hao, anamchukua hadi ngome ya Ostagar. Huko njia zote sita zinakutana. Mfalme Cailan anauawa vitani, Duncan anakufa, jenerali Loghain anaondoa majeshi yake na kuwaacha wenzake wateketee. Tangu hapo hadithi kuu ni moja kwa wote.

Msikilizaji wa tendi anaujua mpangilio huu. Utendi wa Sundiata wa Wamandinka, ambao D. T. Niane aliuchapisha mwaka 1960 kutokana na masimulizi ya jeli, yaani mtambaji, Mamadou Kouyaté, unaishia kwenye vita vya Kirina na kuzaliwa kwa dola ya Mali. Lakini watu hawaukumbuki kwa sababu ya Kirina peke yake. Wanaukumbuka kwa sababu ya majani ya mbuyu. Sogolon, mama yake Sundiata, alikwenda kuomba majani ya kuungia mboga kwa mke mwenzake, Sassouma. Akapewa tusi juu ya majani: mwana wako ana miaka saba na bado anatambaa. Siku hiyo mtoto aliagiza fimbo ya chuma, akasimama, akaenda kuung'oa mbuyu mzima na kuubwaga mbele ya nyumba ya mama yake. Jeraha lenyewe ni dogo, la jikoni, na dola nzima inatoka humo. Baadaye Sundiata akiwa uhamishoni Mema, wajumbe wa Mali wanamfuata wakiwa na mboga za kwao ambazo Mema haziliwi. Kwao kunamdai. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia.

Tuanze na Cousland, kwa kuwa ndiye mwenye mashabiki. Baba yake, Bryce, ni mtawala wa Highever. Mama yake Eleanor ni mwanamke shupavu anayejua kushika upinde. Kaka yake Fergus ana mke na mtoto mdogo. Rafiki wa familia, Rendon Howe, anasema askari wake wamechelewa. Fergus anatangulia vitani na jeshi la nyumbani, na usiku ule ule watu wa Howe wanaingia kuchinja. Mke wa Fergus na mwanawe wanauawa. Bryce anapatikana akivuja damu katika chumba cha akiba ya chakula, na Eleanor anakataa kumwacha. Duncan anakubali kumtoa mtoto wao akiwa hai kwa sharti kwamba ajiunge na kikosi chake. Ni tamthilia nzuri, imeigizwa vizuri, na sahani ya kisasi inaletwa baadaye mezani, pale Cousland anapokutana na Howe katika jumba la mtawala wa Denerim, mji mkuu.

Ila nyumba yenyewe haina ufa. Baba ni mwema, mama ni mwema, kaka ni mwema, hata mbwa ni mwaminifu. Uovu wote umetoka nje na umevaa sura ya mtu mmoja. Howe akishaanguka, Cousland hana neno lililobaki na kwao. Highever haifunguliwi tena katika gemu nzima. Hatuoni nani anakaa mle, nani aliitika amri za Howe, nani alimficha mtumishi aliyekimbia. Fergus anajitokeza mwishoni, vita vimekwisha. Cousland anaweza kuolewa na mfalme au kumwoa malkia, na hapo ndipo mashabiki wanapovutwa. Lakini kiti cha enzi anakipata kwa ukoo aliozaliwa nao. Sundiata alikuwa mwana wa mfalme vilevile, na bado mtunzi wake aliona lazima amtambaze chini miaka saba kwanza.

Kwa Mahariel sina mengi. Yeye na rafiki yake Tamlen wanaingia pangoni, wanakuta kioo cha kale, Tamlen anakigusa, sumu ya viumbe wa giza inawapata wote wawili. Tamlen anapotea. Mlezi wa ukoo, Marethari, anamkabidhi Mahariel kwa Duncan kwa sababu tambiko la Walinzi ndilo pekee linaloweza kuizuia sumu. Ukoo unahama. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyesaliti, hakuna deni. Kuna usiku mmoja tu, kambini, ambapo Tamlen anarudi akiwa ameoza nusu na kuomba auawe, na kisehemu hicho kidogo kinanifanya nisikitike kwamba waandishi hawakuuandika urafiki ule kwa urefu zaidi kabla ya kuuvunja.

Mwanasihiri ana kisa kigumu zaidi kukipima, kwa sababu hana kwao. Watoto wenye kipawa cha sihiri huchukuliwa kutoka kwa wazazi na kufungiwa katika mnara ulio ndani ya Ziwa Calenhad, wakilindwa na askari wa dini wenye ruhusa ya kuwaua. Mtihani wao wa kuhitimu hufanywa kwa siri: mwanafunzi hupelekwa katika ulimwengu wa ndoto kukabiliana na pepo, na askari wanamsubiri na panga zimechomolewa iwapo pepo atashinda. Anayeonekana dhaifu hafanyishwi mtihani. Hutenganishwa na sihiri yake, na hisia zake zote huenda pamoja nayo. Huyu hubaki akitembea, akihesabu bidhaa za ghala, haoni furaha wala hofu.

Jowan, rafiki wa mhusika wetu, anaogopa kufanyiwa hivyo. Anataka kutoroka na mpenzi wake Lily, na ili atoroke lazima iharibiwe chupa ya damu yake inayotumika kuwasaka watoro. Anakuja kuomba msaada. Hapo mchezaji anaweza kumsaidia, au anaweza kupanda ngazi hadi kwa Irving, mkuu wa mnara, na kumweleza kila kitu.

Uchaguzi huo unanirudisha kwa Fumo Liyongo. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Sultani wa Pate anashindwa kumwua Liyongo kwa kila hila, hadi anapomfikia mwanawe wa kumzaa na kumwahidi ndoa na cheo. Mwana anakwenda kwa baba, anamdadisi siri ya kifo chake, na baba, ingawa amekwisha kumshuku, anamwambia: ni sindano ya shaba kitovuni. Wasikilizaji wa utenzi wamemlaani mwana huyo kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyewahi kupewa nafasi ya kuwa yeye, kusimama juu ya baba aliyelala na sindano mkononi na kuamua. BioWare wanakupa mkono huo. Unaweza kumtoa Jowan kwa wakubwa na ukalala usingizi, kwa kuwa sheria iko upande wako, na baadaye utagundua kwamba kweli alikuwa akifanya sihiri ya damu, jambo alilolikana mbele yako. Unaweza pia kumsaidia na ukagundua hilo hilo. Kisha utamkuta Redcliffe, shimoni, akiwa amemlisha sumu mtawala Eamon kwa amri ya Loghain. Deni hili ni la urafiki, na linarudi kudai. Kwa jambo hili nakiweka kisa cha mnara juu ya kile cha Highever bila kusita.

Tabris anazaliwa katika kitongoji cha waelfi cha Denerim, eneo lililozungushiwa ukuta ambalo watu wake hawana silaha wala mtetezi mahakamani. Hapa waandishi walifanya uamuzi wa kijasiri. Tangu Tolkien, msomaji wa fantasia amezoea waelfi kuwa mabwana warefu wenye hekima ya milele. Ferelden imewafanya kuwa watumishi na vibarua, na mtaa wao unakumbusha mtaa ambao Wayahudi wa Venice walifungiwa tangu mwaka 1516, wenye malango yaliyofungwa usiku. Kisa kinaanza asubuhi ya harusi. Vaughan, mwana wa mtawala wa Denerim, anaingia na wenzake, anachukua wanawake wa harusi, bibi harusi akiwemo, na kuwapeleka kwenye jumba la baba yake. Mlangoni mwa chumba cha mwisho anatoa ofa: vipande 40 vya dhahabu, uondoke, wanawake watarudishwa kesho.

Nasema wazi kwamba kisa hiki ni bora zaidi Tabris akiwa mwanamke. Akiwa mwanamume, mateso ya bibi harusi na ya binamu yake Shianni yanageuzwa kuwa kuni za hasira ya shujaa, na hilo ni kosa la zamani la watunzi wengi. Akiwa mwanamke, yeye mwenyewe ni mmoja wa waliotekwa. Mchumba wake Nelaros na binamu yake Soris wanaingia jumbani kwa siri, na upanga unasukumwa sakafuni hadi miguuni pake. Aliyemsikia, katika utenzi wa Liyongo, mjakazi Saada akipeleka gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, walinzi wakaudharau kwa kuwa ni chakula cha kitumwa, atajua kwa nini tukio hilo linagusa. Wanyonge huokoana kwa kupitia milango ambayo wenye nguvu hawaioni. Nelaros anakufa kabla hajaoa.

Tena kisa hiki kina mdai. Baadaye sana, Tabris anaporudi, kitongoji kimefungwa kwa kisingizio cha maradhi. Ukweli ni kwamba Loghain, akihitaji fedha za vita vya wenyewe kwa wenyewe, amewauza waelfi kwa wafanyabiashara wa watumwa kutoka Tevinter. Baba yake Tabris, Cyrion, yumo miongoni mwa waliofungwa wakisubiri kusafirishwa. Kwa msomaji wa pwani yetu, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na bado majina ya vijiji yanabeba kumbukumbu zake, sehemu hii haihitaji maelezo. Na aliyekwisha kupokea dhahabu ya Vaughan ataikumbuka sasa. Kasoro ya kisa ni kwamba gemu inamrudisha nyumbani ikiwa karibu kwisha. Muda wote wa katikati, Tabris anatembea nchi nzima na malango ya kwao yamefungwa.

Sasa Orzammar, mji wa wadwafu. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya mji huu, kwa sababu ndipo waandishi walipofanya jambo ambalo sijaliona kwa ukamilifu wake katika gemu nyingine: mji mmoja una visa viwili vya kuzaliwa, kimoja juu ya ikulu, kingine jalalani, na vyote viwili vinarudi kwenye kiti kimoja cha enzi.

Aeducan ni mtoto wa pili wa Mfalme Endrin. Kaka yake mkubwa, Trian, ni mkali na mwenye kiburi. Mdogo wao, Bhelen, ana tabasamu. Bhelen anamnong'oneza kwamba Trian amepanga kumwua. Siku ya kwanza ya kuongoza kikosi katika njia za chini, Aeducan anarudi na ngao ya babu yao na kumkuta Trian amekwisha kuuawa, au anapigana naye na kumwua mwenyewe. Sekunde hiyo hiyo Bhelen anatokea na mfalme na mashahidi. Aeducan anahukumiwa bila kusikilizwa, jina lake linafutwa katika Kumbukumbu za mji, anasukumwa gizani. Wafalme wa chini ya mwamba wanaliona jambo hili kuwa la kawaida. Ndugu kumla ndugu ndiyo siasa yao.

Wanyanga wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wana utendi unaosimama sambamba na kisa hiki. Shé-Kárisi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck mwaka 1956, nao ukachapishwa mwaka 1969. Chifu Shemwindo wa Tubondo alitaka mabinti tu, wa kumletea mahari. Akazaliwa Mwindo. Baba akamrushia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akafika kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na wajomba zake kuishambulia Tubondo, akamfuata baba yake aliyekimbilia kuzimu. Alipomrudisha hakumwua. Aliitisha baraza. Shemwindo akakiri mbele ya watu wote, na nchi ikagawanywa baina ya baba na mwana.

Aeducan naye anarudi, akitafuta jeshi la wadwafu. Anakuta baba amekufa na kiti kinagombewa na Bhelen na Bwana Harrowmont, mzee mwungwana aliyeahidi kuheshimu desturi. Aliyekusaliti ndiye anayetaka kuvunja matabaka, kufungua biashara na watu wa juu, kuwapa silaha wasio na tabaka. Mwungwana ndiye atakayewafungia milango. Gemu inakuuliza kama unaweza kumvika taji aliyekuua, kwa faida ya watu ambao ulipokuwa ikuluni hukuwajali hata kidogo. Ni swali zito kuliko kisasi chote cha Cousland. Ninachokosa ni baraza la Tubondo. Bhelen hasimami mbele ya mji akasema alichofanya. Taji linatolewa, jeraha linaachwa wazi, na mchezaji anaondoka na neno kooni. Rureke alijua kwamba msikilizaji anahitaji kulisikia neno hilo likisemwa.

Brosca alizaliwa chini ya ikulu hiyo hiyo, katika Mji wa Vumbi. Ana chapa usoni, alama ya asiye na tabaka, aliyopigwa akiwa mtoto ili kila amwonaye ajue kwamba haruhusiwi kazi, silaha wala heshima. Baba aliwakimbia. Mama, Kalah, anakunywa mchana na usiku na kutukana. Dada, Rica, anafundishwa mashairi na kuvishwa nguo nzuri kwa fedha za jambazi Beraht, kwa sababu kwa wadwafu mtoto wa kiume hurithi tabaka la baba: Rica akimzalia mheshimiwa mtoto wa kiume, familia nzima inapanda. Asipofaulu kwa haraka, Beraht atamuuza vinginevyo. Brosca analipia muda wa dada yake kwa kupiga watu na kukusanya madeni.

Humu hakuna jeshi la adui wala kioo cha kale. Kuna chumba kimoja, mlevi mmoja, gauni moja la mkopo. Beraht ameweka dau kwa mpiganaji Everd katika mashindano matakatifu ya mji. Everd amelewa hajitambui. Brosca anavaa deraya lake na kuingia uwanjani. Anashinda. Anawashinda watoto wa matabaka waliolelewa kwa upanga. Kofia inapovuliwa na chapa kuonekana, uwanja mzima unadai afe kwa sababu ameshinda. Kwa maoni yangu hilo ndilo tukio bora la gemu nzima. Sheria iliyodai kwamba damu yake haifai imekanushwa mbele ya macho ya wote, na jibu la mji ni kumfunga.

Kisha kurudi. Brosca akifika tena Orzammar, Leske, rafiki aliyepona naye gerezani, anamchomolea silaha upande wa majambazi. Na Rica yuko ikulu. Mwanamume aliyempata ni Bhelen. Amemzalia mtoto wa kiume, jina lake Endrin. Bhelen yule yule ambaye kwa Aeducan ni muuaji wa ndugu, kwa Brosca ni shemeji, na ndiye mtu wa kwanza mwenye cheo aliyemtendea dada yake kama binadamu. Kumpinga ni kumrudisha Rica vumbini. Kumwunga mkono ni kumpa taji mtu ambaye mchezaji aliyeanza na kisa kile kingine anaijua mikono yake. Mkondo wa hadithi kuu haukubadilishwa. Kilichobadilika ni nyumba ya anayehukumu. Sundiata aliung'oa mbuyu kwa sababu ya tusi alilotukanwa mama yake. Brosca anachagua mfalme kwa sababu ya gauni la dada yake, na kipimo ni kile kile.

Gemu zilizofuata hazikuifuata njia hii. Dragon Age II ya 2011 ilimpa mchezaji ukoo mmoja tu, wa Hawke, na Inquisition ya 2014 ilirudisha uchaguzi wa jamii lakini chimbuko likasimuliwa kwa maneno machache, halichezwi. Naliona hilo ni hasara kubwa.

Msomaji ambaye hajawahi kuicheza, mpangilio wangu ni huu: Brosca, Tabris, Aeducan, mwanasihiri, Cousland, Mahariel. Ukipata nafasi ya kucheza mara mbili tu, anza na Aeducan na umchukie Bhelen kwa haki yako yote. Kisha anza upya ukiwa Brosca, nenda Orzammar mapema kuliko unavyoshauriwa, na uzungumze na Rica kabla hujamwahidi mtu yeyote msaada wako.